Toledo, Córdoba, Sevilla na Granada nikiwa na mama: tuanzie wapi, na masinagogi yana cha kuona?

BintiSefu

Asalaam aleikum wadau, na wasio Waislamu habari zenu.

Mwezi wa kumi nampeleka mama Hispania. Tunashukia Madrid, tuna kama siku nane za kutembea, na tutakwenda kwa treni. Mama ni mwalimu wa chuoni, amesomesha Kurani watoto wa watu maisha yake yote, na jina la Andalusia halimtoki mdomoni. Mimi nimeingia kwenye habari hizi kwa mlango mwingine. Nilianza kusoma juu ya Musa bin Maimun, yule tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi ambaye Wazungu wanamwita Maimonides, mzaliwa wa Córdoba aliyeandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu, nikajikuta nataka kuona mitaa ya Wayahudi kuliko hata hayo makasri.

Sasa, Toledo kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia nusu siku inatosha, mwingine ananiambia niiruke niteremke moja kwa moja kusini. Halafu mama ana nia ya kusali rakaa mbili ndani ya Msikiti wa Córdoba, na sijui nimwambieje. Masinagogi je, kuna kitu ndani au ni kuta tupu na kibao cha maelezo? Na magoti yake si ya kupanda vilima kutwa nzima. Mwenye kujua anijuze, ila tafadhali msinirushie matangazo ya kampuni za utalii, hayo ninayo tele.

Mtembezi_Kasi

Dada, mimi ningekwambia Alhambra, yale makasri ya masultani kule Granada, na Msikiti wa Córdoba, basi. Sinagogi la Córdoba ni chumba kimoja, niliingia nikatoka kabla mwenzangu hajamaliza kununua maji. Toledo ni nzuri kwa picha ukiwa ng'ambo ya mto. Muda wako uweke Granada.

FundiJasi

Mtembezi, heshima yako ipo, ila chumba kimoja hakimalizwi kwa miguu.

BintiSefu mwanangu, mimi ni fundi wa plasta na nakshi za jasi, siku hizi nafundisha vijana zaidi kuliko kupanda jukwaani. Historia ninayoijua ni ile iliyobaki ukutani, wenye vitabu watanirekebisha. Nenda Toledo, na anza nayo. Iko karibu na Madrid, treni ni kama nusu saa, lakini hiyo si sababu yangu. Ukianza na Alhambra jicho linashiba, na yote yanayofuata utayaona madogo. Ukianza na Toledo, kila kituo kinakuongezea.

Kuna miaka michache katikati ya karne ya 14 ambayo ukiishika, safari yako inajipanga yenyewe. Mfalme wa Castilla wakati huo ni Pedro wa Kwanza, Mkristo. Mtunza hazina wake ni Myahudi, Samuel ha-Levi. Rafiki wa mfalme huyo kule Granada ni Sultani Muhammad wa Tano, aliyepinduliwa mwaka 1359 na ndugu yake wa baba mmoja, kisha akarudi kwenye kiti mwaka 1362 kwa msaada wa huyo huyo Pedro. Wote watatu walikuwa wajenzi. Samuel alijenga sinagogi Toledo katika miaka ya 1350, ndilo leo linaitwa El Tránsito. Pedro alijenga kasri lake ndani ya Alcázar, ngome ya kifalme ya Sevilla, na mwaka 1364 upo kwenye maandishi ya uso wa jengo. Muhammad aliporudi akajenga Ua wa Simba pale Alhambra. Mabosi watatu, dini tatu, muda usiofika hata kizazi kimoja. Simama mbele ya kuta za hayo majengo matatu, utaona kazi imetoka kwenye shule moja ya ufundi. Sevilla haifichi hata kidogo: milango mikubwa ya mbao ya Ukumbi wa Mabalozi ina maandishi ya Kiarabu yanayosema imetengenezwa na mafundi wa Toledo.

Sasa ndani ya El Tránsito. Watu wakiingia wanainua shingo kutazama dari, nawaelewa, ni dari ya mbao iliyochorwa vizuri mno. Ila wewe nenda mpaka ukuta wa mashariki, ule unaoelekea Jerusalem, ambapo ndipo palipowekwa hati za Torati. Kuna matao madogo matatu katikati, na pande zote mbili nakshi imejaa kuanzia juu hadi karibu na kimo cha mtu. Majani ya mzabibu yamechongwa kwa kina, hata unaona kisu kilivyoingia chini ya jani na kulinyanyua kutoka kwenye ukuta. Kwenye mianya bado kuna mabaki ya rangi. Juu yake zimepita mistari ya Kiebrania, mingi ni Zaburi, na mengine ni maneno ya kumsifu Samuel na kumsifu mfalme. Katikati ya majani hayo hayo kuna maneno ya Kiarabu ya dua na baraka. Mama yako ataanza kuyasoma kabla hujamwonyesha. Na hapo hapo zimebandikwa ngome na simba, nembo za Castilla na León. Huyo fundi alikuwa na kazi.

Samuel mwenyewe hakufaidi sana. Miaka michache baada ya sinagogi kukamilika mfalme alimkamata, akateswa mpaka akafa.

Jengo hilo ndilo lenye Makumbusho ya Sefardí, yaani ya Wayahudi wa Hispania. Vitu vilivyomo mle vitazame, lakini usikubali vikumalizie muda wa ukuta. Umbali wa kutembea kidogo tu kuna sinagogi lingine la zamani zaidi, Santa María la Blanca, ambalo baadaye lilifanywa kanisa na jina likabaki la kanisa. Hilo ni jeupe tupu, nguzo na matao ya kiatu cha farasi yamepangana kama ya msikitini, na vichwa vya nguzo vina nakshi za matunda ya msonobari. Kwangu hilo ni zuri kwa macho, El Tránsito ni zuri kwa mikono.

Na kabla hujaondoka Toledo, pita kwenye msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, wao wanauita Cristo de la Luz. Ni wa mwaka 390 wa Hijria, ambao unaangukia mwisho wa 999. Ndani kuna kuba tisa ndogo na kila moja imefungwa kwa mtindo wake, hakuna mbili zinazofanana. Lakini mimi ulinishika kwa nje. Juu ya uso wa jengo maandishi yametungwa kwa matofali, yanasema Ahmad bin Hadidi ameujenga kwa mali yake akitafuta malipo kwa Mungu, na kazi imesimamiwa na Musa bin Ali, mjenzi. Jina la fundi, kwa matofali, hadharani, miaka elfu na ushei! Wengi wetu tunaondoka kwenye jengo hata mlinzi hatujui.

Mtembezi_Kasi

Haya mzee, nimekusikia. Lakini sinagogi la Córdoba bado ni chumba kimoja 😅

FundiJasi

Ni chumba kimoja, upana wake hata mita saba kwa saba hakifiki. Ukiingia tazama ukuta wa kusini juu, kuna roshani ya wanawake yenye matao matatu, na nakshi imezunguka kuta kuanzia usawa wa kichwa kwenda juu. Chini imepotea. Kuna maandishi ya Kiebrania yanayomtaja Isaac Moheb na mwaka ambao kwa hesabu ya leo ni 1315. Baada ya Wayahudi kufukuzwa, chumba kilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa, halafu kikawa cha chama cha washona viatu. Kuta zikapigwa plasta juu ya plasta. Mwaka 1884 plasta ikaanza kubanduka, ndipo nakshi zikaonekana chini yake. Kwa hiyo ile plasta mbaya ya watu wasiojali ndiyo iliyoihifadhi kazi nzuri. Mimi ningeweza kukaa mle asubuhi nzima, mlinzi akanichoka.

Kuingia ni bure kwa raia wa Umoja wa Ulaya, wengine mnalipa senti chache tu. Mkabala na hapo kuna nyumba ya makumbusho ya watu binafsi, Casa de Sefarad, ambayo itamfaa BintiSefu kwa habari za maisha ya nyumbani ya Wayahudi. Na hatua chache chini ya mtaa huo huo ndipo ilipo sanamu ya Musa bin Maimun ameketi na kitabu. Kiatu chake kimeng'aa kwa kupapaswa na watalii.

MamaWatatu

BintiSefu mdogo wangu, mimi nilimpeleka mama mkwe, kwa hiyo nakuletea ya magoti na ya sala, mafundi waendelee na majani yao.

La sala: mwambie mama mapema, msiondoke nyumbani na tumaini hilo. Jengo la Córdoba ni kanisa kuu la Kikatoliki tangu 1236, linaendeshwa na kanisa, na Waislamu hawaruhusiwi kusali mle. Walinzi wanaangalia hasa watu waliosimama kwa utulivu mbele ya mihrabu, na ukianza kuinama wanakuja. Mihrabu yenyewe ina uzio, huisogelei. Mtandio hauna shida yoyote, hakuna atakayekuuliza. Mama mkwe wangu alisimama pale akasoma alichosoma kimoyomoyo, nikamwacha. Jambo lililomshangaza ni kibla: msikiti ule unaelekea kusini zaidi, ilhali Makka ukiwa Hispania iko mashariki ikiegemea kusini kidogo. Alikuwa ametoa simu na dira yake, akawa anamtazama mkwewe kama amemdanganya.

Akitaka kusali kweli, Córdoba hapo hapo, kwenye bustani ya Plaza de Colón, kuna msikiti mdogo unaoitwa El Morabito, uliojengwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya askari wa Morocco waliokuwa upande wa Franco. Lakini mahali pa kumpeleka ni Granada. Juu kule Albaicín, mtaa wa zamani wa kilimani, pembeni ya uwanja wa San Nicolás ambako kila mtu anapiga picha ya Alhambra, upo Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa 2003. Ni msikiti kweli, una adhana, una jamaa, na bustani yake inatazamana na kasri ng'ambo ya bonde. Mama mkwe alisali adhuhuri pale akagoma kuondoka mpaka alasiri.

La magoti: Toledo iko juu ya kilima lakini wameweka ngazi za umeme za nje za kukupandisha kutoka chini, zitumie. Mitaa yenyewe ina mawe, viatu vya soli laini. Kule Sevilla mnara wa Giralda, ambao ni mnara wa msikiti wa karne ya 12 wa Almohad, watawala wa Kiislamu waliotoka Morocco, hauna ngazi ndani isipokuwa kipande cha mwisho. Ni mteremko unaozunguka, viwango 35, inasemekana ili mwadhini apande kwa mnyama. Mama mkwe alifika juu. Nilishangaa mimi.

Alhambra usitembee kwa miguu kutoka mjini, panda basi dogo C30 pale Plaza Isabel la Católica. Na tiketi kata LEO, si kesho. Wanauza kwa jina na namba ya pasipoti, na pasipoti utaionyesha zaidi ya mara moja ukiwa ndani, kwa hiyo isikae hotelini. Kwenye tiketi kuna saa ya kuingia Makasri ya Nasrid, yaani yale ya ndani ya masultani wenyewe. Watu wanaingizwa kwa mafungu kila nusu saa na ukichelewa hawakusikilizi. Angalia pia usije ukanunua ile tiketi rahisi ya bustani, Generalife (kasri la mapumziko) na Alcazaba (ngome), maana hiyo haina makasri ya ndani na watu wanajua hilo wakiwa mlangoni.

Safari yote ipange kufuata siku utakayopata Alhambra. Na Jumatatu usiiweke Toledo, El Tránsito linafungwa. Sinagogi la Córdoba pia Jumatatu hakuna.

KalamuNyekundu

Nimesoma kwa furaha, lakini FundiJasi umemimina asali mno. Msomaji atatoka hapa akidhani dini tatu zilikaa kwenye mkeka mmoja zikinywa kahawa.

Tarehe 30 Desemba 1066, pale pale Granada, umati ulimuua waziri wa Kiyahudi Yusuf bin Naghrela na Wayahudi wengi wa mji. Baba yake, Samuel, alikuwa waziri kabla yake, na mmoja wa washairi wakubwa wa Kiebrania. Karne iliyofuata wakaja Almohad, na Wayahudi wakatakiwa kusilimu au kuondoka. Familia ya huyo Maimonides ambaye BintiSefu anamtafuta ilihama Córdoba kwa sababu hiyo, akaishia Misri. Kwa hiyo sanamu imewekwa kwenye mji ambao alitoka akiwa kijana. Mwaka 1391 ghasia dhidi ya Wayahudi zilianza Sevilla, zikasambaa Castilla na Aragón nzima. Na tarehe 31 Machi 1492, miezi mitatu tu baada ya Granada kusalimu amri, mfalme Fernando na malkia Isabel wakasaini amri ya kuwafukuza Wayahudi wote, wakiwa hapo hapo Granada.

Ndiyo sababu dada usishangae ukifika Granada ukaukuta mtaa wa Wayahudi, Realejo, hauna sinagogi hata moja la zamani la kuingia. Kuna sanamu ya Yehuda bin Tibbon, mtabibu na mfasiri aliyezaliwa mji huo, na kuna kijumba cha makumbusho ya familia moja. Mengine ni majina.

Ukiwa na asubuhi moja ya ziada Córdoba, nenda Madinat al-Zahra, kama kilomita nane nje ya mji. Khalifa Abdurrahman wa Tatu aliuanza mwaka 936 kuwa mji wake wa utawala. Haukudumu hata miaka 80: mwanzoni mwa karne ya 11, Waislamu wakipigana wao kwa wao, ukaporwa na kubomolewa. Anzia makumbusho ya chini, kisha basi lao linakupandisha kwenye magofu. Kivuli ni kidogo, maji beba. Nao Jumatatu wamefunga.

FundiJasi

Kalamu, sikusema walipendana. Nimesema walimlipa fundi mmoja. Hayo ni mambo mawili na fundi anayajua vizuri kuliko mtu yeyote, maana yeye hufanya kazi kwa mtu asiyemkaribisha mezani.

Ila hayo ya 1391 na 1492 BintiSefu ayabebe kichwani, ni kweli. Hata pale Sevilla, ukisimama kwenye uwanja mbele ya kasri la Pedro, tazama juu katikati ya uso wa jengo. Kuna kigae cha buluu na nyeupe chenye Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa pembe pembe, ni ile kauli ya masultani wa Granada, "wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mungu, imerudiwa rudiwa. Kuizunguka kuna maandishi ya Kikastilia yanayomtaja mfalme Pedro na mwaka. Mfalme Mkristo ameweka kauli ya sultani Mwislamu mlangoni kwake, na watu wengi wanapita chini yake wanatafuta choo. Mama yako atasimama, Kikufi kile kitampa taabu kidogo, mwache akifumbue mwenyewe.

Nimesahau Córdoba msikitini. Ukitoka kwenye ua wa michungwa unaingia sehemu kongwe, iliyoanzwa na Abdurrahman wa Kwanza miaka ya 780. Nguzo nyingi zimetolewa kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, waliotawala kabla ya Waislamu, hazilingani urefu, na ndiyo maana wamezipandisha matao ya ghorofa mbili kupata kimo. Tao limejengwa kwa kupishanisha jiwe jeupe na matofali mekundu. Sasa tembea upande wa kushoto kabisa, kwenye kipande kilichoongezwa na al-Mansur, waziri aliyeshika utawala, mwishoni mwa karne ya 10. Kwa mbali ni yale yale. Sogea. Wekundu ule si matofali, ni rangi iliyopakwa juu ya mawe. Kipande kikubwa, haraka nyingi, bajeti imebanwa, nani hajawahi kuona? Halafu rudi upande wa mihrabu ya khalifa al-Hakam wa Pili, ya miaka ya 960, uone mozaiki ambazo vipande vyake vya kioo vilitoka kwa mfalme wa Byzantium pamoja na fundi wake. Kati ya hizo sehemu mbili kuna kama miaka 20 tu.

Jumatatu hadi Jumamosi wanafungua bure saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi kwa wasio na makundi. Hata kama umelipa tiketi, ile saa ndiyo ya kuingia, hakuna kelele.

BintiSefu

Ahsanteni sana jamani, mzee Fundi na dada MamaWatatu hasa. Nimemweleza mama habari ya sala. Alinyamaza kidogo, akauliza huo msikiti wa Granada una sehemu ya wanawake ya kutawadhia. Nadhani limekwisha hilo.

Tiketi ya Alhambra nimepata, makasri ni saa 4:30 asubuhi. Kwa hiyo tunakwenda Toledo siku ya pili baada ya kushuka, kisha tunarudi Madrid na kuteremka Córdoba kwa treni ya kasi, Sevilla, tunamalizia Granada. Mzee Fundi, pale Alhambra macho niyaweke wapi? Nisije nikawa Mtembezi wa pili.

Mtembezi_Kasi

Nipo, nasoma.

MamaWatatu

Sehemu ya wanawake ipo. Fika langoni mapema, maana kutoka lango kuu mpaka Makasri ya Nasrid ni mwendo. Mkimaliza msikimbilie Generalife papo hapo. Kaeni kwenye Kasri la Carlos wa Tano, lile la mviringo kwa ndani, kuna mahali pa kupumzika, na chini kuna Makumbusho ya Alhambra yenye lile gudulia kubwa lililochorwa swala, yaani paa wa porini. Generalife ina kupanda na kushuka, iache ya mwisho, na mama akichoka utaikosa hiyo bila majuto makubwa. Begi la mgongoni ndani ya makasri wanataka ulivae kifuani.

FundiJasi

BintiSefu, chumba cha kwanza watu wanakipita wakidhani mambo yako mbele. Ni kweli yako mbele, kipite na wewe, ila chungulia ile sehemu ndogo ya kusalia iliyo mwisho wa chumba hicho, Mexuar: mihrabu yake imekaa mshazari na jengo ili ilenge kibla. Mama atapenda, hasa akitoka kwenye ile ya Córdoba.

Ukumbi wa Comares ndio wa kukaa. Dari ni ya mbao, vipande zaidi ya 8,000 vimeunganishwa kuonyesha mbingu saba, na chini yake imezungushwa Suratul Mulk. Mwalimu wa chuoni hahitaji mtembeza watalii hapo, yeye ndiye atakutembeza. Wewe shuka na macho mpaka vigae vya chini. Hivyo havikuchorwa. Kila rangi ni kigae chake kilichochomwa kizima, kisha kikakatwa kipande kipande kwa umbo lake na kuunganishwa. Tafuta maungio kwa jicho, ukipata moja uniambie.

Kisha jasi. Kuna kuchonga papo hapo ukutani, ambako unatandaza sehemu ndogo, unachora, unachonga ingali mbichi, unasogea. Na kuna kalibu, ambako unakandamiza jasi kwenye umbo, ikishika unaitoa na kuibandika ukutani. Alhambra ya karne ya 14 ina kalibu nyingi, maana hakuna jeshi la wachongaji ambalo lingemaliza kuta zile zote kwa kisu. Kuzitofautisha ni rahisi. Usisimame mbele ya ukuta, simama pembeni, mwanga upite juu ya uso wake. Chagua ua moja, tafuta kasoro yake, labda ncha ya jani imepinda au duara halikufunga. Fuata ukuta. Kasoro ile ile ikikurudia kila baada ya hatua, umeshika kalibu. Isiporudi, umemshika mtu. Halafu linganisha na ule ukuta wa mashariki wa El Tránsito, ndiyo maana nikasema Toledo kwanza.

Kwenye Ukumbi wa Dada Wawili utalala chali ukiweza, kuba ile ina mukarnasi, vile vijishimo vya jasi kama sega la nyuki, zaidi ya 5,000, na shairi la Ibn Zamrak, mshairi wa sultani, limezunguka kuta. Simba wa uani watu watakuambia walitoka kwenye kasri la yule waziri wa Kiyahudi wa karne ya 11 aliyetajwa na Kalamu. Hadithi tamu, waongozaji wanaipenda. Walioisafisha ile chemchemi na kuimaliza mwaka 2012 wanasema simba ni wa enzi ya Muhammad wa Tano, na mimi nikiangalia manyoya yalivyochongwa nakubaliana nao.

KalamuNyekundu

Kwa mara ya kwanza humu ndani nakubaliana na fundi bila kalamu.

FundiJasi

Iweke vizuri hiyo, nitaichapisha.

BintiSefu, chukua darubini ndogo ya mkononi, ya bei ya chini inatosha. Dari ziko mbali na simu haioni jasi. Na ukiwa El Tránsito nipigie picha ya ukuta wa mashariki ukiwa umesimama upande wa kulia, bila mweko, niwaonyeshe vijana wangu jinsi jani linavyonyanyuliwa.